Malalamiko: mtambo wenu wa kukagua lenzi unakataa nzima na kupitisha mbovu

Karakana ya Lenzi,
Eneo la Viwanda,
Kampala.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: MTAMBO WA KUKAGUA LENZI ZA MIWANI KWA KAMERA

Mtambo mliotufungia unakataa lenzi nzuri na kupitisha zenye kasoro. Tumewapigia simu mara tatu na jibu ni lile lile: safisheni kioo cha kamera. Kioo ni safi. Matatizo yako kwenye programu, fokasi (umbali ambao kamera inaona vizuri) na taa.

Tuanze na lenzi za progresivi, zile za mbali na karibu zisizo na mstari. Kila moja huchorwa kwa leza alama mbili hafifu, zilizoachana milimita 34, ili fundi wa miwani aipange sawasawa kwenye fremu. Mtambo unazisoma kama mikwaruzo. Tulipitisha lenzi 40 ambazo mkaguzi wetu alikwisha kuzitazama moja moja chini ya taa, mbele ya ubao mweusi, akazikubali zote. Mtambo ulikataa 31, na katika kila picha kiduara chekundu kimezunguka alama za leza. Programu inatakiwa itafute alama hizo kwanza, kisha iziruke. Kuziba sehemu moja ya picha hakutasaidia, kwa sababu lenzi haikai pembe ile ile kwenye trei kila mara.

Linalotutia hofu zaidi ni lenzi za namba kubwa za kujumlisha (+), ambazo uso wake umebinuka sana. Kamera yenu imefokasiwa kwenye kilele cha lenzi na haisogei. Lenzi ya kipenyo cha milimita 65 yenye mbinuko wa namba 8 (kipimo cha mpindo wa uso wa mbele), ukingo wake uko karibu milimita 8.5 chini ya kilele hicho. Kiputo kilicho huko hutokea kwenye picha kama wingu la kijivu, na programu inalihesabu vumbi. Lenzi ya namna hiyo imepata taa ya kijani, ikaenda kukatwa, na kiputo kikaonekana ikiwa tayari ndani ya fremu. Hapo hasara ni ya lenzi na kazi yote iliyofanyika juu yake. Kamera ipige angalau picha tatu kwa vimo tofauti.

Tena, robo moja ya taa ya duara ya mtambo imefifia. Mkwaruzo hung'aa kwenye giza pale tu mwanga unapoupiga kwa kuukata. Mkwaruzo unaotegemea mwanga wa upande huo unabaki chini ya kizingiti, yaani hauna mng'ao wa kutosha kuhesabiwa na programu, hata ukiwa katikati kabisa ya lenzi.

Tunataka ndani ya siku 14 mlete taa mpya na programu iliyorekebishwa, pamoja na fundi atakayeijaribu mbele yetu kwa lenzi zile zile 40. Zile 31 tumezihifadhi pamoja na picha zake. Malipo ya mwisho yatatolewa baada ya jaribio hilo kufaulu.

Wenu,
Msimamizi wa Ubora