Barua kwa Rehema kuhusu umbo la alfa-1-antitripsini

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu za dhati, nikiamini kwamba wewe na jamaa wote hamjambo. Katika barua yako uliniuliza inawezekanaje protini ikakizuia kimeng'enya, yaani kiharakishi cha mabadiliko ya kikemia mwilini, kisifanye kazi, na kwa nini wataalamu hujitaabisha kulichunguza umbo lake atomu kwa atomu. Nitakujibu kwa mfano mmoja tu, alfa-1-antitripsini, protini ninayoistaajabia kuliko zote, kwani kwake yeye umbo ndilo kazi yenyewe.

Protini hii hutengenezwa hasa na ini, kisha husafiri katika damu hadi mapafuni. Huko huidhibiti elastasi, kimeng'enya ambacho chembe nyeupe za damu hukitoa zinapopambana na vijidudu, na ambacho kisipozuiwa huzikata hata nyuzi zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kunywea. Mwaka 1963, nchini Uswidi, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson walieleza habari za watu waliopungukiwa na protini hii, ambao baadhi yao walikuwa wagonjwa wa mapafu.

Mnyororo wake una asidi amino 394, yaani vijenzi vidogo vinavyounganishwa kuwa protini, nao umejikunja ukafanya bapa tatu za nyuzi zinazoitwa beta, zikiwa zimezungukwa na heliksi kadhaa, yaani sehemu zilizojisokota. Upande wa juu kimejitokeza kitanzi cha asidi amino zipatazo 20, na hicho ndicho chambo, kwa sababu katika nafasi ya 358 pana methionini, mojawapo ya asidi amino, ambayo elastasi huitafuta ili ikate hapo. Sasa zingatia jambo hili, maana ndilo kiini cha yote: protini nyingi hujikunja mpaka zifikie umbo lililo tulivu kuliko yote, lakini hii hukomea njiani, ikabaki imekazwa kama kijiti kilichopindwa cha mtego wa ndege. Elastasi inapokikata kitanzi, kwa muda mfupi hubaki imeungana nacho kwa kifungo cha kikemia. Kabla haijakifungua kifungo hicho, kitanzi kilichokatwa huchomoka, kikajipenyeza katikati ya bapa kubwa na kuwa uzi mmoja zaidi, huku kikiiburura elastasi kutoka ncha moja ya protini hadi ncha ya pili, mwendo wa angstromu 70 hivi, yaani nanomita 7. Hapo elastasi hubanwa hadi sehemu yake inayokata ikavurugika, isiweze tena kuimaliza kazi iliyoianza. Protini nayo haitumiki mara ya pili.

Hayo hayakubuniwa mezani. Mwaka 1984 kundi la Robert Huber, nchini Ujerumani, lilichapisha umbo la protini iliyokwisha kukatwa, lililopatikana kwa kupitisha eksirei katika fuwele zake, na ikaonekana kwamba methionini ya 358 na serini ya 359, zilizokuwa zimeshikana kabla ya kukatwa, sasa zilikuwa kwenye ncha mbili zinazopingana. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2000 ndipo James Huntington, Randy Read na Robin Carrell, wa Cambridge, walipoonyesha protini hii ikiwa pamoja na tripsini iliyonaswa, kimeng'enya kingine kinachokata protini kama elastasi, ambayo zaidi ya theluthi moja ya umbo lake ilikuwa imepoteza mpangilio. Mimi nauhesabu mchoro huo miongoni mwa kazi bora kabisa za sayansi hii.

Lakini umbo lililokazwa hivyo lina gharama yake. Katika aina iitwayo Z, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, asidi ya glutamiki katika nafasi ya 342, chini kidogo ya kitanzi, imebadilishwa na lisini. Badiliko hilo moja huilegeza bapa kubwa, ikaruhusu kitanzi cha molekuli nyingine kuingia, na hiyo ikaipokea ya tatu, mpaka minyororo mirefu ikajazana ndani ya chembe za ini. Ini huumia kwa kulimbikiza, na mapafu huumia kwa kukosa. Moshi wa sigara huzidisha hasara, kwa kuwa huioksidisha ile methionini ya 358 na kuidhoofisha protini hata kwa mtu aliyezaliwa nayo iliyo kamili. Na mwaka 1983 zilichapishwa habari za kijana ambaye methionini hiyohiyo ilikuwa imegeuka kuwa arginini: protini yake iliiacha elastasi, ikawa inainasa thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, naye akafariki kwa kutokwa na damu.

Wagonjwa wengine hupewa kwa mshipa protini iliyosafishwa kutoka katika damu ya wachangiaji. Dawa hiyo huyakinga mapafu, lakini ini haliponi nayo, kwa maana minyororo ingali mle ndani. Kwa hiyo watafiti wanatafuta molekuli ndogo ya kuizuia bapa kubwa isikipokee kitanzi kigeni, nao hawawezi kuitafuta bila kujua bapa hiyo hufunguka wapi na kwa upana gani.

Ukipenda nikutumie michoro ya maumbo yote mawili, kabla na baada ya kukatwa, niandikie. Nisalimie wazazi na watoto.

Rafiki yako,
Zuhura