Gesi ya AC haiishi, inavuja

Lalamiko tunalolisikia kuliko yote hapa gereji ni hili: "Nilijaza gesi juzi tu, AC imeanza kutoa joto tena, na nyinyi mnataka pesa ya kupima kabla hata ya kujaza." Wapo wanaoondoka wakiamini tunawaibia. Basi tueleze kazi yenyewe.

Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Kompresa inaibana, kondensa iliyo mbele ya rejeta inaipoza hadi inakuwa kimiminika, kisha inapita kwenye valvu nyembamba, presha inashuka, na ikifika kwenye evapoleta ndani ya dashibodi inachemka na kunyonya joto la hewa unayopuliziwa. Halafu inarudi kwenye kompresa. Mfumo usio na kasoro hupoteza gesi kidogo mno, na huchukua miaka. Ikipotea ndani ya wiki chache, kuna mahali panavuja, na kukujazia bila kupatafuta ni kukutoza kwa kitu ambacho kitapotea. Kazi hiyo hatuifanyi.

Tunaanza na vitu rahisi: filta ya hewa ya ndani, mkanda, fyuzi, feni. Ndipo tunafunga geji mbili, ya presha ndogo na ya presha kubwa. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Ndogo ikipanda kuliko kawaida na kubwa ikishuka, kompresa imechoka. Zote zikiwa juu, ama gesi imezidi ama kondensa haipozwi. Aliwahi kuja mteja aliyeongezewa gesi mara kadhaa kwingine kwa sababu AC ilikuwa inapoa barabara kuu na kutoa joto kwenye foleni. Geji zote zilikuwa juu. Feni ya kondensa ilikuwa imekufa! Gari likikimbia, upepo ulikuwa unafanya kazi ya feni. Likisimama, hakuna kitu. Tulibadilisha feni, tukaitoa gesi yote na kujaza upya kwa mizani.

Kwa mizani, ndiyo. Gari likiwa limezimwa kwenye joto la nyuzi 25, geji za R134a (aina ya gesi ya AC) zitasoma presha ya takriban psi 80 iwe gesi ni ya kutosha au ni nusu, mradi bado kuna kimiminika ndani. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, na magari mengi madogo huchukua kama gramu 400 hadi 600 tu. Anayejaza kwa kushika bomba na kusikilizia ubaridi anabahatisha.

Sasa njia ya mkato inayotuuma zaidi: kopo la dawa ya kuziba. Mteja mmoja alikuwa na uvujaji kwenye kiungo cha bomba, kipira cha duara kidogo kuliko pete. Akanunua kopo, akalimimina mwenyewe. Dawa ile huganda ikikutana na unyevu au hewa, na ndani ya mfumo wake iliganda kwenye valvu na kwenye draya, yaani chujio linalonyonya unyevu. Tulibadilisha vyote viwili pamoja na kondensa, na kile kipira bado kilihitaji kubadilishwa.

Kujaza gesi bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya kwanza hewa yote iliyo ndani, ni hivyo hivyo. Hewa na unyevu hubaki ndani. Maji huganda barafu kwenye valvu, na yakichanganyika na gesi na oili hutengeneza asidi inayokula vyuma. Oili nayo husafiri na gesi, kwa hiyo ikivuja gesi na oili inapungua, na kompresa inayozunguka kavu haidumu. Ndiyo maana tunavuta nusu saa au zaidi, tunafunga, tunaangalia kama sindano inapanda. Ikipanda, tunaingiza naitrojeni na kupaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo. Wakati mwingine inayovuja ni evapoleta, na kuifikia ni kufungua dashibodi. Pesa ya kupima ni ya kazi hiyo, na hatuipunguzi.

Hita ni habari fupi. Inatumia kulanti (maji ya kupoza injini) ya moto kutoka kwenye injini, kwa hiyo isipotoa joto angalia kwanza kiwango cha kulanti injini ikiwa imepoa, halafu thamostati, valvu inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Wengi walishaing'oa thamostati ili "gari lisichemshe", na sasa injini haifikii joto lake na mafuta yanaliwa. Kioo kikijaa ukungu wenye harufu tamu na zulia likilowa, rejeta ndogo ya hita imetoboka.

Ukileta gari, usiongeze gesi kwanza. Tunataka kuliona likiwa na tatizo lake. Tuambie kama lilianza ghafla au polepole, na kama AC inapoa likikimbia tu. Na kama umewahi kuweka dawa ya kuziba, sema kabla hatujafunga chochote, kwa sababu ikiingia kwenye mashine yetu ya kunyonya gesi, inaiharibu.