Ramani ya simu mahakamani ije na jedwali lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushahidi ambao siku hizi haukosekani kwenye kesi za mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha: ramani ya simu, yaani mchoro wa kuonesha simu ya mshtakiwa ilikuwa wapi na saa ngapi. Mpelelezi anaingia kutoa ushahidi akiwa na karatasi ya rangi. Pana mistari, pana alama za minara, pana doa jekundu lililoandikwa saa na dakika. Kesi iliyokuwa ikichechemea kwa ushahidi wa kimazingira inapata miguu palepale. Shahidi wa macho husahau, huogopa, wakati mwingine hununuliwa. Kompyuta, tunaambiwa, haina undugu na mtu.

Kweli haina. Lakini ramani ile haikutoka kampuni ya simu ikiwa ramani. Kinachotunzwa na kampuni ni jedwali refu lisilosomeka kwa raha: namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa ya kuanza, sekunde zilizotumika, namba ya utambulisho wa kifaa, na namba ya upande wa mnara uliohudumia mawasiliano hayo. Basi. Baada ya hapo mtu fulani, kwa programu fulani, hulichukua jedwali, akalisafisha, akalioanisha na orodha ya minara, kisha akachora.

Katika safari hiyo fupi mengi hupotea. Excel, programu ya kompyuta ya kupangia majedwali, haibebi zaidi ya tarakimu 15 katika namba moja. Namba ya kadi ya laini yenye tarakimu 19 au 20 ikiingizwa kama namba ya hesabu, tarakimu za mwisho hugeuka sifuri kimyakimya. Tarehe 3/4 kompyuta moja huisoma Aprili 3, nyingine Machi 4. Na saa ndiyo balaa zaidi. Programu nyingi huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele yake. Simu iliyopigwa saa nne usiku itaandikwa 19:00, na asiyejua ataitafsiri saa moja jioni. Kwa mtu anayejitetea kwamba jioni hiyo alikuwa msibani na usiku alikuwa nyumbani, tofauti hiyo ni miaka ya maisha yake.

Wanaodhani natia chumvi wawaulize Wadenmaki. Mwaka 2019 ilibainika kwamba programu ya polisi wao ya kugeuza taarifa ghafi za kampuni za simu ilikuwa ikidondosha baadhi ya taarifa njiani. Walipozidi kuchimbua, wakakuta mengine: simu moja imeonekana kushika minara kadhaa kwa wakati mmoja, mingine ikiwa mamia ya kilomita mbali, na baadhi ya minara imewekwa mahali ambapo haipo. Kesi zipatazo 10,700 za kuanzia mwaka 2012 zikaamriwa kupitiwa upya. Mkurugenzi wa Mashtaka wa nchi hiyo, Jan Reckendorff, akasimamisha kwa miezi miwili matumizi ya taarifa za simu mahakamani, na watu 32 waliokuwa ndani wakaachiwa. Hiyo ni nchi yenye fedha na wataalamu wa kutosha, na bado kosa lilipita miaka yote hiyo mbele ya majaji bila kuonekana, kwa sababu majaji walikuwa wakioneshwa matokeo tu.

Hata pale programu isipokosea, doa jekundu husema zaidi ya linachokijua. Mnara wa kawaida una pande tatu, kila upande ukihudumia kipande cha nyuzi zipatazo 120, na kwa mtandao wa kizazi cha pili (2G) simu inaweza kuhudumiwa ikiwa hadi kilomita 35 kutoka mnarani. Simu haifuati mnara ulio jirani. Hufuata unaosikika vizuri na wenye nafasi. Sisi wa Mwanza tunalielewa hili upesi kwa sababu ya vilima na maji. Mtu aliyeketi Kigongo anaweza kabisa kuhudumiwa na mnara wa ng'ambo, Busisi, maana juu ya ziwa hakuna cha kuzuia mawimbi. Kwenye ramani atakuwa amevuka maji na kuingia wilaya nyingine, ilhali hajanyanyuka kwenye benchi.

Sheria tunayo, na si mbaya. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyosafirishwa. Kifungu hichohicho kinaruhusu mfumo wa kumbukumbu udhaniwe kuwa sahihi, mpaka uletwe ushahidi wa kupinga, pale kumbukumbu inapokuwa imewekwa katika shughuli za kawaida na mtu asiye upande wowote wa kesi. Jedwali la kampuni ya simu linaingia humo bila shida. Ramani haiingii. Ramani imechorwa kwa ajili ya kesi hiyohiyo, na ofisi inayomtuhumu mshtakiwa. Hata hivyo huwa tunazipokea kwa pamoja, na dhana inayolilinda jedwali inaifunika na ramani. Mawakili wenzangu, tuna sehemu yetu katika hili: pingamizi letu huishia kwenye nani alisaini barua ya kampuni.

Uingereza iliondoa kwa sheria ya mwaka 1999 sharti la kuthibitisha kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Mawakala wa posta zaidi ya 900 wakatiwa hatiani kwa upotevu wa fedha uliooneshwa na Horizon, mfumo wa kompyuta wa hesabu za Posta ya huko; baadaye ikabainika mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge lao likalazimika kufuta mamia ya hukumu kwa mkupuo.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Jedwali ghafi, katika faili la kompyuta na si karatasi iliyochapwa, lifike kwa upande wa utetezi tangu wakati wa mwenendo kabidhi, yaani hatua ya mahakama ya chini kuikabidhi kesi Mahakama Kuu. Liambatane na jina na toleo la programu iliyotumika, pamoja na orodha ya minara na tarehe ya orodha hiyo, maana minara huongezwa, huhamishwa na hugeuzwa uelekeo. Na ramani ichore eneo lote ambalo simu ingeweza kuwamo, hata kama litameza kata tatu.

Wapo watakaosema tunawafundisha wahalifu kukwepa. Mhalifu anayejua kukwepa huacha simu nyumbani. Anayechorwa ni aliyeiweka mfukoni akapita barabarani. Wengine watauliza mshtakiwa wa kijijini atampata wapi mtaalamu wa kulisoma jedwali. Vyuo vyetu vinatoa wahandisi wa mawasiliano kila mwaka, na watoa huduma walioko chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuanza kuwatumia. Wakati hilo likisubiriwa, mpelelezi aliyechora ramani akipewa maswali ya dodoso kuhusu namna doa lilivyofika pale, jibu la "programu ndiyo imetoa hivyo" lisikubaliwe. Kama hawezi kueleza, aitwe anayeweza.

Wakili wa kujitegemea,
Mwanza