Shangazi, ini safi peke yake halitoshi

Shangazi, shikamoo.

Nimepata habari kwamba altrasaundi ya ini imetoka safi na hapo Uyole, Mbeya, mmeshusha pumzi. Nimefurahi. Ila uvimbe wa saratani uliotolewa ulikuwa chini kabisa, kwenye puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kwa puru ya chini ini haliwezi kuwa shahidi pekee. Naiandika barua hii wazi maana wengi huambiwa ini likiwa safi basi yamekwisha.

Damu ya utumbo mpana hukusanyika kwenye mshipa mmoja unaoingia ini, kwa hiyo mbegu za saratani hunasa huko kwanza. Puru ya chini ina njia nyingine: sehemu ya damu yake huenda moyoni, kisha mapafuni, bila kupita ini. Omba CT, picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ya kifua, tumbo na nyonga. Altrasaundi ya tumbo haikuonyeshi mapafu.

Ukikohoa kwa baridi ya Juni, makohozi yapimwe TB, sawa. Lakini doa la mapafu kwa mtu mwenye historia yako lisipewe jina la TB kwa kukisia. Likifikika, lichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima maabara.

Njia ya tatu ni mishipa inayozunguka uti wa mgongo. Haina vali, vile vilango vya kuzuia damu isirudi, hivyo ukikohoa au ukijikamua chooni damu inaweza kurudi nyuma, ikabeba mbegu hadi mifupani. Hutokea kwa wachache, na huku kwetu hujificha vizuri, kwa sababu mgongo wa mkulima wa viazi ukiuma, jembe ndilo hulaumiwa. Maumivu ya jembe hupoa ukilala. Yanayozidi usiku, yakakaa pale pale na kukataa panado, yapigwe picha. Miguu ikilegea, ganzi ikishika makalio, au mkojo ukigoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Uti ukibanwa, hata saa chache huamua kama utatembea tena. Mionzi inaweza kukupeleka Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Dawa ya kupunguza kuvimba kwa uti ianze huku rufaa ikiandaliwa.

Papasa pia kitovu, kovu la upasuaji na juu ya mtulinga wa kushoto. Kinundu kigumu kisichouma usikikande kwa mafuta. Tumbo likijaa huku mwili unakonda, wakumbushe kuangalia ovari. Uvimbe wa huko unaweza kukua hata kama kwingine dawa inafanya kazi.

Kipimo cha damu cha CEA, protini ambayo saratani ya utumbo mara nyingi huipandisha, hurudiwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi mwaka wa 5. Uliza kilikuwa ngapi kabla ya upasuaji: kama hakikupanda wakati uvimbe upo, kuwa chini kwake sasa hakukuambii mengi.

Jibu la kinyama cha kwanza lipige picha kwenye simu. Daktari akichukua kinyama kipya, mpe alinganishe.

Nisalimie wote hapo nyumbani.