Barua kuhusu mpango wako wa kuzamia Misali

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia pamoja na karatasi ya mpango wa kuzamia ukuta wa chini ya bahari wa kisiwa cha Misali, Pemba, nami nimeisoma mara tatu, kalamu mkononi na jedwali la kuzamia, ile karatasi ya vikomo vya dakika kwa kila kina, mezani. Umefanya vyema kukataa kuazima kompyuta ya kuzamia ya mtu mwingine baada ya yako kuharibika, kwa sababu kompyuta hiyo ingekuwa bado inahesabu naitrojeni, ile gesi ya hewa tunayovuta inayoingia mwilini tukiwa chini, ya mwili wake, si ya wako.

Umeniuliza kwa nini jedwali linakupa dakika 25 tu kwa mita 30, ilhali mpango wako ni wa dakika 50. Ni kwamba jedwali la kawaida hukutoza kana kwamba muda wote, tangu ulipoacha uso wa maji, umeutumia kwenye kina kikubwa kuliko vyote ulivyofika. Halijui kwamba ulipanda hadi mita 18, kisha 12. Ndiyo maana wazamiaji wa zamani waliazima herufi zinazoonyesha naitrojeni iliyobaki mwilini, zilizotungwa kwa ajili ya kuzamia mara ya pili, wakazitumia kuvuka kutoka kina kimoja hadi kingine bila kutoka majini.

Sasa niseme yaliyonitia wasiwasi. Kwanza, umeanza na bustani ya matumbawe ya mita 12, ukashuka 18, ukamalizia na 30. Tafadhali geuza. Ukimalizia chini, unaianza safari ya kurudi juu huku tishu za mwili zinazojaa naitrojeni haraka zikiwa zimeshiba kuliko wakati wowote, na huna tena muda wa kuzipunguzia taratibu. Mimi mwenyewe niliwahi kuongozwa hivyo na kampuni moja huku Unguja: tulianza juu, kisha tukamfuata kasa hadi mita 28, na usiku ule bega langu la kushoto liliuma hadi alfajiri. Sikuwa nimevuka dakika zozote za jedwali, kwa jinsi nilivyohesabu wakati ule.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, herufi ya kina cha kwanza umeitoa katika jedwali la PADI, shirika la kufunza uzamiaji, na dakika za kina cha pili umezisoma katika jedwali la Jeshi la Majini la Marekani. Herufi hizo hazilingani hata kidogo. Jedwali la Jeshi la Majini la mwaka 1957 lilijenga herufi zake juu ya tishu inayojaa na kupungua kwa nusu kila dakika 120, ilhali la PADI la mwaka 1988 lilitumia tishu ya dakika 60. Hata jedwali la Jeshi la Majini lilipofanyiwa marekebisho mwaka 2008, herufi zilibadilika. Chagua karatasi moja na uifuate mwanzo hadi mwisho.

Nimelichukua lile la zamani la Jeshi la Majini, nikaugeuza mpango wako uanzie chini. Dakika 15 kwa mita 30 zinakupa herufi E. Kwa mita 18, E ni sawa na dakika 30 ulizokwisha kuzitumia, ukiongeza 20 zako inakuwa 50, nayo ni H. Kwa mita 12, H ni dakika 87, na 15 zako zinaifikisha 102, wakati kikomo cha kina hicho ni 200. Kwa herufi, basi, mpango unapita.

Kwa hewa haupiti. Uliniambia kuwa unavuta lita 20 kwa dakika ukiwa juu. Kwa mita 30 shinikizo ni mara nne, hivyo dakika 15 zinakula lita 1,200. Dakika 20 za mita 18 zinakula 1,120. Mtungi wa lita 12 uliojaa una lita 2,400 hivi, na robo yake hatuigusi. Ungeishiwa kabla ya kuiona hiyo mita 12.

Napendekeza dakika 8 kwa mita 30, ukihesabu na muda wa kushuka; dakika 10 kwa mita 18; dakika 10 kwa mita 12; kisha usimame mita 5 kwa dakika 3. Hizo ni lita 1,730, nazo zimo ndani ya 1,800 ulizo nazo, kwa nafasi ndogo. Herufi zinakwenda D, G, kisha I. Huo ni muda wa dakika 28 kabla ya kusimama, ambao kwa hesabu ya kina kimoja usingeruhusiwa.

Lakini usizitegemee herufi hizo kupita kiasi. Zinakueleza habari ya tishu moja ya polepole na kunyamaza kuhusu zile za haraka, ambazo ndizo zinazotawala mita 30. Wala jedwali halikujaribiwa kwa safari za ngazi, yaani za kupanda kutoka kina hadi kina. Kwa hiyo panda mita 9 kwa dakika, usizidishe, na ukishapanda usishuke tena hata mita 3 kumfuata samaki. Kwenye ubao wako andika pia namba 20: ikifika dakika ya 20 nawe bado uko kwenye kina kinachozidi mita 18, mpango wa ngazi umekufa, panda moja kwa moja hadi kituo cha mita 5. Kutoka Misali hadi chemba ya shinikizo, inakotibiwa maradhi ya mapovu ya naitrojeni mwilini, ni safari ya kuvuka bahari, na kwa ugonjwa huu saa zina thamani.

Hesabu upya kwa mkono wako, kisha unitumie karatasi kabla hujazungumza na nahodha. Na siku uliyoichagua ni ya bamvua. Mkondo utakusukuma kando ya ukuta na kukuvuta chini. Ngoja maji mafu ya wiki inayofuata, nami nitavuka nije nizamie pamoja nawe.

Wako akupendaye,
Sahibu yako wa Nungwi