Ndege mpya za China: tuulize habari za injini

Ndugu Mhariri,

Kila China inaporusha ndege mpya ya kivita, magazeti hujaa picha za mabawa. Desemba 26, 2024, ile ndege isiyo na mkia ilipoonekana juu ya Chengdu, mjadala wote ulikuwa wa umbo. Mimi nilihesabu injini. Zilikuwa tatu, jambo la nadra mno kwa ndege ya kivita. Kwa maoni yangu, anayefunga injini ya tatu bado hajapata mbili za kumtosha.

Sisemi hivyo kwa dharau. Ndege ya kivita ya J-20 iliporuka mara ya kwanza Januari 2011, China ilikuwa bado inategemea injini za Urusi. Ndege ya kivita ya J-10 iliingia jeshini nazo, na Y-20 ya mizigo ikaanza nazo pia. Injini ya China yenyewe, WS-10, iliyoanza kubuniwa miaka ya 1980, iliwasumbua zaidi ya miaka ishirini. Leo ndiyo iliyo kwenye ndege za kivita za J-16, J-10C na J-20 nyingi, na tangu 2023 J-20 imeonekana ikiruka na WS-15 yenye nguvu zaidi. Hiyo ni hatua kubwa, asiyeikubali ana lake jambo.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye mapanga madogo ya injini yaliyo nyuma ya chumba cha kuchomea mafuta. Gesi inayoyapiga ina joto linalopita kiwango cha kuyeyuka cha aloi ya nikeli (mchanganyiko wa metali) iliyotumika kuyatengeneza, na yanazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Kwa hiyo kila panga hukuzwa kama fuwele moja isiyo na maungio, kisha hupitishiwa hewa ndani kwa vijitundu ili liwe na utando wa ubaridi nje. Mchoro wa panga hilo unaweza kuibwa. Mikono iliyokwisha kuharibu maelfu ya mapanga hadi ikajua, haiibiki.

Sisi mafundi wa ndege swali letu huwa moja: injini inakaa saa ngapi kabla ya kushushwa kwa matengenezo makubwa? Kuruka siku ya maonyesho hakujibu swali hilo, na Beijing haitangazi hesabu hizo.

Wala si mambo ya mbali. Nigeria ilipokea JF-17 mwaka 2021, ndege ya kivita iliyoundwa na China pamoja na Pakistan, lakini injini yake, RD-93, ni ya Urusi. Hapa kwetu, ndege ndogo za usafiri za Y-12 za Jeshi la Anga la Kenya zilitoka Harbin, China, zikiwa na injini za Kanada. Anayenunua ndege ya namna hiyo ana wauzaji wawili wa kuwapigia simu ikiharibika, na mmoja akigombana na dunia, ndege inabaki chini.

Naomba waandishi wako, wakiandika tena kuhusu ndege hizi, watuambie injini imetoka wapi na itatengenezwa wapi. Mabawa tumeshayaona.

Fundi wa ndege,
Nairobi