Safari ya shamba Kizimbani Jumamosi hii

Asalaam alaykum wazazi wenzangu, Jumamosi tunawapeleka watoto shamba Kizimbani, gari inaondoka hapo skuli saa moja na nusu asubuhi kwa hivyo wawahisheni tafadhali. Hii si ya kutembea tu jamani, watoto wetu kila siku chipsi na jusi za paketi, ukimuuliza bamia inatoka wapi anakwambia dukani, na sisi tumezungukwa na mashamba, mimi linaniuma kweli. Watachuma matembele na bamia wenyewe, watachimba viazi vitamu vile vya lishe vya ndani rangi ya machungwa (vina vitamini A, inasaidia macho na kinga ya mwili), halafu vinapikwa hapohapo kwa tui la nazi watakayoikuna wao, wakubwa wanakuna kwenye mbuzi, wadogo wanakamua tui. Mtoto akichuma kwa mkono wake anaonja hata kile alichokuwa anakisukuma pembeni ya sahani nyumbani, mtaona. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 mpaka 9 ale angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, sasa piga hesabu wako jana kala ngapi.

Nawaomba msiwafungie soda wala biskuti, maji tu yanatosha. Viatu vya kufunika, ndara hapana, kuna siafu kule. Mwenye mtoto ana mzio wa chakula chochote aniandikie inboksi kabla ya Ijumaa magharibi, na nahitaji kina mama wawili watatu wa kusaidia jikoni, nani yupo?